Chaki Tuliyomtumia Kasiva

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya taaluma yetu. Mchungaji na wazee wa kanisa mliotufungulia kwa maombi. Wakubwa wangu wa kazi kutoka Kitui, na wenzangu wa huku Makueni. Mzee Musyimi, ambaye siku ya leo ni yake. Mama Musyimi, watoto na wajukuu. Ndugu wageni waalikwa, pamoja nanyi mliokaa nje kwenye hema kwa sababu ukumbi umejaa: mwi aseo, hamjambo?

Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajala. Nawaelewa. Harufu ya pilau inatoka jikoni tangu mchungaji alipokuwa akiomba, na nilimwona mmoja wetu akifungua jicho moja. Nitajaribu nisiwacheleweshe, ingawa siahidi, maana nilichobeba leo si chepesi na sijui njia ya kukifupisha.

Kwa wasionijua, naitwa Mbinya Kyule. Ni afisa wa mifugo, nafanya kazi upande wa Kibwezi, na nimefanya kazi chini ya Mzee Musyimi kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kutaja mbele ya vijana. Ndiyo maana nikaombwa kusema neno la kumuaga. Niliambiwa nimsifu, nichekeshe kidogo, halafu nimkaribishe akate keki. Kusifu nitasifu. Mengine tutaona.

Mzee Musyimi alinifundisha kazi, na hilo sitalikana hata mbele ya Mungu. Nilitoka chuoni nikijua kila kitu isipokuwa ng'ombe. Chuoni tulijifunza kwa ng'ombe mmoja mpole, ambaye nadhani alikuwa amechoka na wanafunzi akaamua kusimama tu. Mzee akanipeleka kwenye miteremko ya Mbooni, akanikabidhi kamba na dume ambalo halijawahi kuona sindano, akaketi juu ya jiwe akala ndizi. Nilipoanguka hakucheka. Aliniambia, "Amka mwanangu, huyu hajui kama wewe ni daktari. Mwambie tena." Nawaomba mshike hilo: nilipoanguka, mwalimu wangu hakucheka. Nimejiuliza sana ni lini mtu huyo aligeuka.

Wengine hapa mtakumbuka ule ukame uliomaliza mbuzi wetu. Mzee alikuwa akibeba chanjo kwenye kisanduku cha barafu, kimefungwa nyuma ya pikipiki yake, akienda mahali ambapo hata chifu hakwenda mwenyewe, alikuwa akituma mtu. Wakati wa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, masoko ya mifugo yalipofungwa na kila mmoja wetu akabaki peke yake na maswali yake, ni yeye aliyefungua grupu yetu ya WhatsApp. Akatuingiza sote, wa Kitui na wa Makueni, madaktari wenye shahada na wahudumu wenye cheti, akatuandikia, "Hakuna mtu wa taaluma hii atakayefanya kazi peke yake tena." Nililia niliposoma maneno hayo. Mtu aliyekaa Kibwezi peke yake na mizoga anajua kwa nini nililia.

Na kama kuna mtu aliyejua kutunza adabu za grupu, ni Mzee. Hakuna siasa. Hakuna picha za maua na "asubuhi njema, umebarikiwa". Hakuna kuuza shamba. Yuko ndugu yetu mmoja hapa, simtaji ila naona anajikuna shingo, aliyetangaza ploti kando ya barabara ya Mombasa akatolewa kabla hajaandika bei. Hakuna video za kutumwa mara nyingi. Mtu akifiwa, mnampa pole halafu mnanyamaza mpaka kesho yake. Na sheria kubwa kuliko zote: mambo ya kazi yaulizwe kwenye grupu, si kwa kumpigia admin simu kila saa. "Mkinipigia mmoja mmoja," alisema, "nitazikwa na simu sikioni." Tulicheka, tukatii. Grupu yetu ikasifiwa hadi Machakos kwamba ni safi.

Lakini ndugu zangu, hebu niwaulize. Katika sheria zote hizo tulizokuwa tukizibandika upya kila mwezi, mliona wapi sheria inayosema, mwenzako akiuliza, usimcheke?

Haikuwepo. Hakuna aliyefikiri inahitajika.

Sasa nije kwenye chaki. Wageni wetu hamjui chaki ni nini kwetu, kwa hiyo nieleze. Siku moja mhudumu mmoja aliuliza kipimo cha dawa ya minyoo ya mbuzi, jambo tunalofunzwa muhula wa kwanza. Mzee Musyimi hakumjibu kwa maneno. Alimtumia picha ya kipande cha chaki, maana yake, rudi darasani. Sitasema haikuchekesha. Ilichekesha. Vijana wetu wenye vidole vyepesi wakaitengeneza ikawa stika, wakaitia macho na meno, chaki inayocheka mpaka inatoa machozi. Kuanzia hapo ikawa desturi. Mtu akiuliza kitu chepesi, wa kwanza anatuma chaki, wa pili anatuma chaki, mnapanga chaki mpaka skrini inajaa. Jibu lenyewe lilikuja baadaye, au halikuja, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba kila mmoja anajua.

Na maswali yakapungua. Tulijisifu kwa hilo pia. Tukasema, sasa grupu imekomaa, watu wamesoma. Hakuna aliyesema kwamba watu wameogopa.

Kasiva aliingia mwaka jana. Wengi hamkupata kumwona uso, mlimjua kwa namba. Ni mhudumu wa mifugo, mtoto wa Kikima, akapangiwa kazi Kalamba, eneo lote akiwa peke yake na pikipiki. Wazee wa huko walimwita "daktari mtoto". Kwa mapenzi, ndiyo, lakini mnajua jina la namna hiyo linavyofanya kazi siku unapotaka kumkataza mzee jambo.

Siku moja aliitwa kwa boma la Mzee Ndolo. Fahali amekufa asubuhi, ghafla, jana yake alikuwa analima. Damu nyeusi puani, haigandi. Mwili haukakamai. Wenzangu, nani kati yetu hajui hiyo ni nini? Hata mimi nikiamshwa usingizini nitasema kimeta, ugonjwa unaotoka kwenye mzoga ukaua na mtu. Na mzoga wa kimeta hauchunwi, hauliwi, hauguswi kwa mikono mitupu. Unazikwa ndani kabisa, chokaa juu.

Na Kasiva alijua. Hilo ndilo naomba lieleweke leo hata kama mtasahau mengine yote. Kasiva alijua. Alimwambia Mzee Ndolo kwa kinywa chake, "Baba, huyu asichunwe." Lakini mvua ilikuwa imekosa, mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa magotini, na habari ya nyama ilikuwa imezunguka kijiji. Watu walikuwa wamefika na mabeseni. Mzee Ndolo akasema fahali wake ameumwa na nyoka, na nyama ya ng'ombe aliyeumwa na nyoka baba zake waliila. Msichana peke yake, mbele ya mabeseni hayo yote. Akawaambia, "Si mimi peke yangu ninayesema. Ngojeni niulize wakubwa wangu, mtasikia."

Akafanya kama alivyofundishwa. Hakumpigia mtu simu. Aliuliza kwenye grupu.

Kasiva anakumbuka maneno yake, kwa kuwa ameyarudia kichwani kila siku tangu hapo. Aliandika hivi: "Wakubwa habari zenu. Niko Kalamba. Fahali amekufa ghafla, damu inatoka puani na haigandi. Watu wako hapa wanataka kuchuna. Nisiwaruhusu, ama? Naomba mkubwa mmoja anijibu, wananingoja."

Mkubwa mmoja. Hakuomba elimu, wenzangu. Elimu alikuwa nayo. Aliomba mtu mzima mmoja asimame naye, aandike maneno mawili tu, "Usiruhusu kabisa," ili ainue simu yake awaonyeshe wale watu waseme, kumbe ni kweli. Na sisi, wasomi wa kusoma kinyesi cha ng'ombe tukajua alichokula juzi, hatukuweza kusoma swali la mwenzetu.

Alitumiwa chaki. Ya kwanza. Ya pili. Zikapangwa.

Mzee Ndolo aliinama akaangalia simu. Akauliza, "Hii ni nini inacheka?" Kasiva akasema, "Ni utani wao tu, baba." Mzee akatazama nyingine zikiingia, moja baada ya nyingine, kila moja na meno yake. Akawageukia majirani akasema, "Kumbe hata wenzake wanamcheka. Leteni kisu."

Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye soko la mifugo, netiweki ikaja nikiwa njiani kurudi. Nikafungua grupu. Nikakuta maandishi yale ya simu, "Ujumbe huu umefutwa," na chini yake mstari wa chaki. Kasiva alikuwa amelifuta swali lake kwa aibu. Nikaandika, "Nani aliuliza nini?" Nikajibiwa na mtu, "Daktari, umechelewa darasani." Chaki nyingine. Nikapiga simu kwa watu wawili, wakaniambia ni mambo ya watoto, yameisha.

Hayakuwa yameisha. Mzee Ndolo alichuna kwa mkono wake, na alikuwa na mkwaruzo wa mwiba kwenye kidole. Kidonda kikavimba, kikawa cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika. Kasiva alikwenda pale boma akawasihi waende hospitali. Wakamwambia wewe tena? Walipokwenda, ilikuwa kwa machela. Mke wake, Muthoki, aliugua akapona. Mzee Ndolo hakupona.

Habari ilipofika kwenye grupu, tulifanya adabu zote. "Poleni kwa familia." "Mungu awafariji." Mikono ya maombi imepangwa vizuri, mstari mzima, kwa vidole vilevile. Hakuna aliyevunja sheria hata moja. Tulinyamaza mpaka kesho yake, kama ilivyoandikwa.

Sasa Kasiva amesimamishwa kazi. Kesi yake mbele ya kamati ni Jumatatu. Kosa lililoandikwa ni kwamba alikuwepo wakati mzoga wa kimeta ukichunwa na hakuzuia, wala hakutafuta ushauri. Hakutafuta ushauri! Yeye amejitetea kwamba aliuliza. Kamati imeuliza, swali liko wapi? Limefutwa. Ikawaandikia wanachama wa grupu, nani aliliona? Nasikia wiki ile simu nyingi zilipotea hapa kwetu. Nyingine zilianguka majini. Kuna moja ililiwa na mbuzi, na mwenye simu ni daktari wa mbuzi. Mzee wetu hapa alijibu kwamba yeye huwa hafuatilii kila kitu kinachoandikwa.

Mimi siwezi kumsaidia. Nimekwenda, nikahojiwa, nikasema nilichokiona: ujumbe uliofutwa na chaki. Mheshimiwa mwenyekiti aliniuliza kwa haki kabisa, "Daktari, unaweza kusema swali lilikuwa la nini?" Siwezi. Sikuliona. Walioliona ni wale tu waliolicheka. Hebu fikirieni jambo hilo. Duniani kote hakuna mtu anayeweza kumsafisha msichana huyu isipokuwa aliyemtumia chaki.

Nilikwenda Kalamba kumwona Muthoki. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti, akanipa uji, akasema, "Yule msichana alitukataza. Mimi nilisikia na masikio yangu. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, lakini aliona mnamcheka, akasema hajui kitu. Nitakuja nisimame niseme alitukataza." Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, kamati itakuuliza aliandika nini kwenye simu. Akasema, "Hilo mimi sijui kusoma. Si nyinyi ndio mnajua?" Mwanamke aliyemzika mumewe yuko tayari kumtetea Kasiva, na sisi tuliosoma na Kasiva kitabu kimoja tunatafuta simu zilizopotea.

Kuuliza si ujinga. Tunawaambia watoto wetu hivyo kila siku. Tukimfanya anayeuliza aone aibu, basi tumefanya kunyamaza kuwe ndiyo akili, na mnajua kimeta kinapenda nini? Kinapenda mahali ambapo hakuna aliyesema.

Mzee Musyimi, nije kwako sasa, na nije kwa heshima, kwa sababu wewe ni baba yangu katika kazi hii. Nilikuja kwako nyumbani juma lililopita, kukuomba uiambie kamati ukweli. Mama alinipikia chai, na wewe ukanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama ulivyo. Halafu ukaniambia, "Mbinya, niache nistaafu kwa amani. Pensheni yangu haijapita. Baada ya hapo tutaona." Nilikuelewa. Sikukukasirikia mbele yako, nilikasirika njiani. Nimekuwa nikikasirika mpaka asubuhi ya leo, nilipokuwa nikivaa nguo hii ya sherehe. Na nikagundua kwamba sijakasirika tu. Nina huzuni, mzee. Nina huzuni kwa sababu yule mtu aliyekaa juu ya jiwe Mbooni asingemwacha mtoto wa mwenzake mbele ya kamati kwa ajili ya chaki.

Usidhani nimekuja kukuvunjia sherehe. Nimekuja kwa sababu bado nakuamini, na nyinyi wengine nawaamini kidogo kidogo, kila mtu na kiasi chake.

Kasiva naye nilimtembelea. Yuko kwa mama yake Kikima, anachuma parachichi. Amekonda. Mara tatu nimemrudisha kwenye grupu, mara tatu ametoka bila neno. Nikamwambia, nitawaomba wenzako wakuombe msamaha, waandike wote. Alitikisa kichwa. "Daktari," akasema, "kuandika waliandika. Walinicheka mbele ya watu. Kama kuna mwenye kusema, aseme mbele ya watu." Nilishika mkono wake, nikakuta umekuwa mgumu, mkono wa mtu wa shamba, na bado hajafikisha miaka thelathini.

Basi, watu ndio hawa. Mchungaji yuko. Wake zetu na waume zetu wako. Mwenyekiti wa kamati yuko hapa mbele yenu na anasikia kwa masikio yake. Nilimwomba akubali kuwa mgeni rasmi na sikumficha sababu. Ameniambia kwamba atakayesema ukweli hapa ataitwa Jumatatu aurudie, na kwamba kuna adhabu ndogo kwa dharau kwa mwenzako kazini. Sitawaficha hilo. Pengine ni onyo, pengine ni miezi bila kupandishwa cheo. Kwa Kasiva ni leseni, na kwa miaka yote iliyobaki ataitwa yule msichana aliyeua Ndolo.

Sitataja jina hata moja. Ninayo orodha kichwani, kwa sababu stika ilibaki na kila stika ina namba, lakini namba haiwezi kueleza kilichoandikwa juu yake kikafutwa. Ushahidi huo uko moyoni mwa aliyelisoma swali. Siwezi kuuchukua kwa nguvu kutoka kwa mtu yeyote.

Nawashukuru waandalizi kwa kunipa nafasi, ingawa najua hawatanipa nyingine. Namshukuru Mama Musyimi kwa chai. Mzee, nakushukuru kwa kila dume uliloniacha nishike peke yangu huku ukinitazama. Mungu akupe uzee mtamu, na namaanisha.

Mshereheshaji anataka nimkaribishe mzee kukata keki. Keki itangoja, na pilau tayari imezoea kungoja. Asanteni kwa masikio yenu. Mimi naketi. Kipaza sauti nakiacha hapa mezani, kimewashwa, na sitakuwa mtu wa kukizima.